ARDHI ITATOA HABARI ZAKE: Tuiulize kabla hatujaichimba

Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyetuumba kutokana na udongo, humo hutурejesha na humo atatutoa siku ya kufufuliwa. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka siku ya mwisho. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, leo nataka kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tunadhani ni la wasomi wa chuo kikuu tu, nalo ni uchunguzi wa ardhi kabla ya kujenga. Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Si vizuri mtu kuwapa watu mawaidha ilhali lake amelifunika.

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya msikiti mmoja hapa mjini. Msikiti sitautaja. Pembeni yake palikuwa na kiwanja cha wakfu, kimeota majani, kina mwarobaini mkubwa katikati. Kamati tuliamua tujenge maduka ya kukodisha ili msikiti upate kipato cha kulipia maji, umeme na posho ya mwalimu wa madrasa. Nia ilikuwa njema na hakuna aliyeipinga.

Kabla ya kuanza kuchimba msingi alikuja bibi mmoja wa mtaani, mtu mzima sana, akasimama mlangoni na kutuita. Akatuambia, "Wanangu, hapo wamelala watu. Mama yangu alikuwa akinikataza kucheza hapo." Katibu akamuuliza kwa upole kama ana karatasi yoyote. Bibi akasema karatasi hana, ana maneno ya mama yake. Tukamshukuru, tukampa nauli, akaenda zake. Sisi tukaendelea na kikao.

Siku ya tatu ya kuchimba, kiasi cha futi nne kwenda chini, udongo ulibadilika rangi. Vikaanza kutoka vipande vya vyungu na kigae cha sahani ya kale yenye maua ya buluu. Kisha sururu ya kibarua ikagonga mfupa. Fundi akasimamisha kazi na kutuita. Tulikuta watu watatu, wamelazwa kwa ubavu wa kulia, nyuso zimeelekea Kibla. Hapakuwa na haja ya kumuuliza mtu walikuwa dini gani.

Tulifanya nini? Tulisubiri usiku. Tuliikusanya mifupa katika kiroba, tukachimba shimo moja pembeni ya ukuta wa nyuma, tukafukia. Hatukuandika popote na hatukumwambia mtu. Mimi ndiye niliyeshika kurunzi. Asubuhi vibarua waliendelea, na maduka yakaisha kwa wakati. Bibi yule alifariki miaka michache baadaye, na siku ya maziko yake nilishindwa kuwatazama wanawe machoni.

Nilinyamaza na jambo hili miaka mingi. Lililonifanya niliseme ni safari. Mwaka 2019 mpwa wangu anayeishi Boston, Marekani, alinialika nikamtembelee. Alasiri moja, baada ya kuswali, alinipeleka kutembea katika bustani ndefu inayopita katikati ya jiji. Inaitwa Rose Kennedy Greenway. Ni ukanda wa kijani wenye urefu wa kiasi cha kilomita mbili na nusu, una miti, maua, mabenchi na maji ya kuchezea watoto. Watu wa kila rangi wanapita humo, mzee na fimbo yake, mama na mtoto wake.

Nikamwambia mpwa wangu, "Hawa wenzetu wamejaaliwa, wana nafasi." Akacheka. Akasema, "Mjomba, hapa hapakuwa na nafasi. Hapa juu ilikuwa inapita barabara ya magari."

Akanieleza. Katika miaka ya 1950 walijenga barabara ya juu kwa juu, wakavunja nyumba na maduka na kuwahamisha maelfu ya watu. Barabara ilikamilika mwaka 1959, ikaligawa jiji vipande viwili. Baadaye wakajuta. Kuanzia mwaka 1991 wakafanya mradi mkubwa sana wa kuichimbia barabara ile chini ya ardhi, na juu yake wakapanda bustani, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2008. Lakini mara hii walifanya jambo ambalo miaka ya 1950 hawakulifanya. Kabla ya mashine kuingia walipeleka wataalamu wa mambo ya kale waiulize ardhi ina nini. Haikuwa hisani, ni sheria. Marekani wana sheria ya mwaka 1966 ya kuhifadhi mambo ya kihistoria, ambayo inataka mradi wenye fedha au kibali cha serikali kuu uangaliwe kwanza utaathiri nini cha kale.

Nilimuuliza mpwa wangu wanaiulizaje ardhi. Akanieleza, na nimesoma zaidi baadaye. Kwanza hawachimbi. Wanakwenda kwenye nyaraka, ramani za zamani, hati za viwanja, kumbukumbu za mahakama na za makanisa, na wanawauliza wazee wa mahali. Pili wanatembea juu ya ardhi hatua kwa hatua, wakitazama kigae, jiwe lililochongwa, au mahali udongo umeinuka. Tatu wanachimba mashimo madogo kwa vipimo, wanachekecha udongo kwenye chujio na kuandika kila walichokiona na kina chake, kwa sababu tabaka la chini kwa kawaida ni la watu wa mwanzo na la juu ni la waliofuata. Wakikuta jambo zito ndipo wanapofungua eneo kubwa zaidi. Mwisho wanakaa na wajenzi kuamua kama mradi utapinda kidogo kupakwepa mahali pale, au vitu vitatolewa kwa utaratibu na kuhifadhiwa.

Boston walikuta nini? Miongoni mwa vitu vilivyotajwa sana ni shimo la choo cha nyumba ya mwanamke aliyeitwa Katherine Nanny Naylor, aliyeishi hapo katika karne ya 17. Humo walikuta viatu, vipande vya hariri, vyombo, mbegu za matunda aliyokula, na tufe la mbao la mchezo, ambalo linahesabiwa kuwa la kale kuliko yote ya aina yake yaliyopatikana Amerika ya Kaskazini. Kumbukumbu za mahakama zinaonyesha kwamba mwanamke huyu alikuwa akinyanyaswa na mumewe wa pili, akamshitaki, na mwaka 1671 akapewa talaka. Watu walikuwa wakipita juu ya maisha yake kwa magari zaidi ya miaka thelathini bila kujua.

Ndugu msomaji, nilikaa kwenye benchi pale, machozi yakanijia. Mpwa wangu akadhani ni baridi. Nilikuwa nawaza kwamba choo cha mwanamke mmoja wa watu wale kilifunguliwa kwa kijiko na brashi, mchana, na kila kitu kikaandikwa. Makaburi ya Waislamu wenzangu mimi niliyafungua kwa sururu, nikayahamisha usiku ndani ya kiroba.

Mtu atasema, "Sheikh, hayo ni mambo ya wazungu, wanapenda makumbusho." Nami namjibu kwamba tutazame asili yetu kabla hatujatazama ya watu.

Mtume (SAW) alipofika Madina, jengo la mwanzo alilotaka katika mji ule lilikuwa msikiti. Ngamia wake alipiga magoti katika kiwanja cha kukaushia tende kilichokuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kuwa mayatima wale walitaka kumpa bure, naye akakataa mpaka akakinunua. Na katika hadithi ya Anas (RA) waliyoipokea Bukhari na Muslim tunaelezwa kuwa kiwanja kile kilikuwa na vitu vitatu: makaburi ya washirikina, magofu na mitende. Mtume (SAW) akaamrisha, na kila kimoja kikafanyiwa lake. Makaburi yakafukuliwa, magofu yakasawazishwa, mitende ikakatwa na kupangwa upande wa Kibla.

Tazameni utaratibu huo. Kwanza ilijulikana ardhi ni ya nani, hata kama ni ya watoto yatima wasio na sauti. Pili ilijulikana ndani yake mna nini, hata sahaba akaweza kutuhesabia kimoja kimoja. Tatu kila kilichomo kilitolewa uamuzi wake waziwazi, mbele ya watu. Na yale yalikuwa makaburi ya washirikina! Je, makaburi ya watu walioelekea Kibla tuyafanyie usiku?

Abu Daud amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (RA) kwamba Mtume (SAW) alifananisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja akiwa hai. Muislamu ana heshima yake akiwa juu ya ardhi na ana heshima yake akiwa chini yake. Sururu ya kibarua wetu ilivunja. Kibarua hana kosa, kwa sababu hakuambiwa. Sisi tuliambiwa.

Wengine watasema kwamba wanachuoni wengi wameruhusu ardhi ya makaburi kutumika maiti wakishakuwa udongo. Ni kweli, fatwa hizo zipo. Lakini nawauliza, utajuaje kwamba wamekuwa udongo? Utajua kwa kukisia ukiwa ndani ya ofisi ya kamati? Ruhusa hiyo ina sharti, na sharti halithibiti ila kwa kuchunguza. Kwa hiyo mtaalamu mwenye chujio na daftari haji kupingana na fiqhi. Anamletea mufti jibu la swali ambalo mufti lazima aliulize.

Wapo pia watakaosema kuwa kuhifadhi mabaki ya kale ni mlango wa kuyatukuza, na kwamba dini yetu haitaki ibada za makaburi. Nakubaliana nao kwamba ibada ni ya Allah peke yake. Lakini kujua si kuabudu. Allah (SW) anatuamrisha mara nyingi katika Qur'an tutembee katika ardhi na tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia, kama katika Suratur-Rum, aya ya 9. Utatazama nini ikiwa kila kilichokuwepo umekisaga chini ya kokoto? Na Mtume (SAW) aliyekataza kuyajengea makaburi ndiye huyo huyo aliyekataza kuyakalia. Tumeshika katazo la kwanza, la pili tumejengea maduka.

Kisha kuna hasara nyingine ambayo hatuifikirii. Sisi Waislamu wa pwani hii tunapenda kusema kwamba Uislamu umefika zamani. Ushahidi wetu uko wapi? Sehemu kubwa uko chini ya ardhi. Katika miaka ya 1980, huko Shanga katika visiwa vya Lamu, mtaalamu Mark Horton na wenzake walichimba katika magofu ya msikiti wa Ijumaa. Chini ya msikiti wa mawe walikuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine tena, midogo, ya miti na udongo, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8. Yaani kabla ya matumbawe na nakshi, kulikuwa na watu wachache waliosimamisha miti, wakaelekea Kibla na kusema Allahu Akbar. Hakuna kitabu kilichowaandika watu wale. Udongo ndio uliowatolea ushahidi.

Sasa jiulizeni, kama pale Shanga ingepita kamati kama yetu, yenye haraka kama yetu, leo tungejua nini? Na hapa Dar es Salaam tunayo magofu ya Kunduchi, msikiti na makaburi ya nguzo. Jirani yetu Bagamoyo iko Kaole. Hayo ni yale yaliyobaki juu tukayaona. Jiji hili Sayyid Majid alilianzisha katika miaka ya 1860 mahali ambapo tayari palikuwa na kijiji cha Mzizima, na watu wa Mzizima walizaliwa, wakaswali, wakafa na kuzikwa. Tunapita juu yao kila siku kwa daladala.

Nayasema haya sasa kwa sababu miji yetu nayo imeanza kutamani bustani na njia za kutembea kwa miguu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa Bonde la Msimbazi, na ndani ya mpango huo imo bustani ya jiji. Hili ni jambo la kheri. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani, na kwamba mwenye kupanda mti ukaliwa na mtu au ndege ana sadaka. Njia yenye kivuli atakayopita mzee bila kugongwa na bodaboda ni sadaka ya mji mzima. Siipingi hata kidogo, hapo wala penginepo. Ninachosema ni kwamba kheri ianze kwa kuuliza.

Na kwetu pia sheria zipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza. Wataalamu wanapokuja mtaani kufanya tathmini hiyo huuliza wenyeji. Je, sisi huwa tunakwenda kwenye mikutano hiyo? Au tunasema ni mambo ya serikali, halafu tunalalamika Ijumaa?

Anayedhani kuuliza kunachelewesha kazi na asikie yaliyotokea New York. Mwaka 1991 serikali ilikuwa inajenga jengo la ofisi. Ramani za zamani zilionyesha kuwa palikuwa na makaburi ya Waafrika, lakini wahusika walidhani misingi ya majengo ya baadaye ilikwisha yaharibu. Wakaanza kuchimba, na mita kadhaa chini wakakutana na wafu. Zilitolewa maiti 419, za Waafrika wa karne ya 17 na 18, wengi wao watumwa. Watu weusi wa mji ule walikasirika, wakaandamana, wakakesha kwa sala, mpaka mwaka 1992 uchimbaji ukasimamishwa na ramani ya jengo ikabadilishwa. Mabaki yale yalizikwa upya kwa heshima mwaka 2003, na mwaka 2006 mahali pale pakafanywa kumbukumbu ya taifa. Miongoni mwa Waafrika waliouzwa Marekani walikuwemo Waislamu. Waliozikwa pale hatuyajui majina yao, Allah anayajua. Kuuliza mapema kungechukua miezi. Kuuliza kwa kuchelewa kulichukua zaidi ya miaka kumi, na machozi juu yake.

Basi tufanye nini? Naanza na sisi kabla ya serikali. Kila kamati ya msikiti iwe na daftari la wakfu wake, lenye mipaka ya kiwanja, aliyekiweka wakfu, na makaburi yalipo au yanaposemekana kuwapo. Wazee waandikwe maneno yao kabla hawajaondoka, maana bibi yule aliondoka na yake. Kabla ya kuvunja msikiti wa zamani upigwe picha, na kama mihrabu ina maandishi yanakiliwe. Fundi akikuta mifupa, kazi isimame mchana huo huo, waitwe maafisa wa mambo ya kale na waitwe mashekhe, kila mmoja afanye lake. Na ukifika mradi wa umma mtaani kwako, iwe barabara, mfereji au bustani, nenda mkutanoni ukaseme unachokijua. Ushahidi ni amana.

Ama mimi, niliporudi kutoka safari ile nilikwenda kwa kamati ya sasa ya msikiti ule. Ni vijana, wengine walikuwa watoto wakati ule. Niliwaeleza yote na nikawaonyesha pale pembeni ya ukuta wa nyuma. Walinyamaza kidogo, kisha mmoja wao akauliza swali ambalo sisi hatukuliuliza: "Walikuwa watatu tu, au ni hao watatu mliowaona?" Sikuwa na jibu. Chini ya maduka yale hakuna aliyetazama. Vijana wale wameweka mawe mahali pale, wameandika katika daftari, na wameamua kwamba hakuna ujenzi mwingine katika kiwanja kile mpaka kichunguzwe. Niliwaomba pia tuwaendee watoto wa yule bibi. Tulikwenda, na nikaomba radhi. Mwanawe mkubwa aliniambia, "Mama alisema mtakuja." Hakuongeza neno.

Ndugu zangu, imepokewa na Tirmidhi kuwa Mtume (SAW) aliisoma aya inayosema kwamba siku hiyo ardhi itaeleza habari zake, akawafafanulia masahaba kwamba habari zake ni kumshuhudia kila mja, mwanamume na mwanamke, kwa aliyoyatenda juu ya mgongo wake. Mtaalamu anaisomesha ardhi leo kwa chujio na kupata sehemu ndogo tu ya ilichonacho. Siku hiyo itasema yote bila kuchimbwa. Itataja futi nne zile, usiku ule, kiroba kile, na aliyeshika kurunzi. Ninamuomba Allah iseme pia kwamba mtu yule alirudi.

Tunamuomba Allah (SW) awarehemu waliotutangulia katika imani, tunaowajua na tusiowajua, ayatie nuru makaburi yao, asamehe tuliyoyafanya kwa haraka na kwa tamaa, na atujaalie tuijenge miji yetu kwa kheri isiyomdhulumu aliye hai wala aliyekufa. Amin.

Wabillahi tawfiq.